Miti Tuliyoipanda Juu ya Lava, na Siku Tuliyoikata

Visiki kumi na kimoja mnavyovikalia wakati wa récréation ni kazi yangu. Nimesikia baadhi yenu mnasimulia kwamba miti ile ilikatwa na wanajeshi. Wanajeshi walikata vitu vingi katika mji huu, lakini hivyo si vyao, na si haki kuwaongezea. Niliikata mimi, Madame Zaina, mwalimu wa première, yaani darasa la kwanza, hadi nilipostaafu, pamoja na watoto walewale waliokuwa wameipanda. Madame wenu wa sasa ameniomba niwaandikie, nyinyi wa kikundi cha kutunza miti, jinsi sisi tulivyofanya zamani. Nitawaeleza yote, hata yale ambayo yeye hakuniomba.

Mjue kwanza kwamba kazi hii sikuipata kwa kuipenda. Mimi ni mtoto wa Mapendo, mtaa wa katikati ya Goma. Babu yangu alitoka Maniema na mizigo ya biashara, baba yangu alikuwa dereva wa lori, na katika parcelle yetu, kiwanja cha nyumba, hapakuota kitu isipokuwa watoto. Siku Directeur wa shule alipogawa kazi za mwaka, mimi nilikuwa nimelala na malaria. Niliporudi nikakuta wenzangu wamechukua michezo, nyimbo na kengele. Iliyobaki ilikuwa travaux manuels, yaani kuwatoa watoto nje mara mbili kwa juma kushughulikia kiwanja cha shule.

"Tulikukumbuka, Madame," Directeur aliniambia, na uso wake haukuonyesha aibu yoyote.

Kiwanja chenyewe mnakijua. Shule yetu ya kwanza ilikuwa mjini, lakini mlima wa Nyiragongo ulipotapika, lava ilipita katikati ya mji ikaingia darasani kwangu bila kuuliza. Tuliporudi, vitambaa puani, tulikuta bati la paa liko usawa wa magoti yetu. Nililia pale, sioni haya kusema. Wakati ule Goma ilikuwa mikononi mwa waasi, nao walikuwa na shughuli zao. Kutafuta mahali pa kufundishia watoto haikuwa mojawapo. Mwishowe tukapata kiwanja huku njia ya Sake, karibu na ziwa la Lac Vert, kiwanja ambacho hapakuwa na mtu aliyekigombania. Katika Goma, mtu akikupa kiwanja bila ugomvi, muulize kwa nini. Sisi hatukuuliza.

Karibu chote kilikuwa lava ya zamani, ngumu, yenye makali ya kukata kandambili. Pembe moja tu, ile ya upande wa ziwa, ilikuwa imezama chini kama sahani, na humo mlikuwa na udongo mweusi na majani mabichi mwaka mzima. Niliiona siku ya kwanza nikafurahi sana. Nitaifikia pembe hiyo baadaye. Nilikaribia kubaki humo.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Kasereka, sentinelle wetu. Alitoka pande za Butembo, ambako watu wanalima hata mahali ambapo mbuzi wangefikiri mara mbili. Aliajiriwa kulinda lango la shule. Lango lenyewe lilikuwa halijatengenezwa, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimewapanga watoto mstari mbele ya mche mmoja, nami napiga lava kwa jembe. Jembe lilikuwa limeshapinda.

"Madame, uko unafanya nini?"

"Ninapanda muti, Muzee."

"Apana. Uko unapiga mulima. Na unajua ile mulima inafanyaka kama inakasirika."

Basi nawaachia alichonionyesha, maana hakuna kitabu kilichokiandika. Lava haipasuliwi unapotaka wewe. Mnatembea juu yake polepole mara tu baada ya mvua, mnatazama ni wapi maji yanapotea haraka. Hapo pana ufa. Mnaingiza baramine, kile chuma kirefu cha wapasua mawe, mnaitikisa huku na huku hadi jiwe lijitoe lenyewe. Shimo likifika magotini mwa mtu mzima linatosha. Chini mnatandika kokoto, halafu maganda ya ndizi na ya maharagi, halafu udongo.

Udongo ndio uliotutoa jasho, kwa sababu juu ya lava hakuna. Tuliuleta kutoka nyumbani, kila Jumatatu, kila mtoto na kopo moja la nyanya lililojaa. Shimo moja lilimeza makopo ya darasa zima kwa majuma matatu na bado likawa linataka. Muzee Kasereka aliketi langoni, yaani mahali ambapo lango lingekuwa, akaonja kila kopo kwa ncha ya ulimi. Akimeza mate, kopo linapita. Akitema, linarudi nyumbani. Kuna mtoto alileta mchanga wa fundi wa nyumba yao siku tatu mfululizo, na siku zote tatu Muzee aliutema.

Mama mmoja alinijia amekasirika, kidole juu.

"Madame, mutoto yangu anamaliza shamba yangu! Kila lundi anakamata udongo ya lenga-lenga. Sasa imebaki shimo. Nitapanda wapi?"

Nilimwambia kwa heshima kwamba mchicha wake wa lenga-lenga umekuwa mti wa grevilea karibu na vyoo, na kwamba anakaribishwa kuitembelea wakati wowote. Hakuja kuitembelea. Ila kuanzia Jumatatu iliyofuata mtoto alikuja na kopo dogo zaidi.

Jambo jingine la kujua ni moshi wa Nyiragongo. Upepo ukiuleta upande wetu na mvua ikanyesha, majani ya miche yanaungua madoadoa. Siku hizo mtazame juu kabla ya kuingia darasani, na mfunike miche kwa majani ya ndizi. Kufunika mche ambao hautaungua hakuna hasara.

Utaratibu wa nani anatunza nini niliubuni mwenyewe, na nilikosea kabla ya kupatia. Mwanzoni nilisema anayechelewa ndiye atakayemwagilia, iwe adhabu. Saa ya kwanza ilikuwa calcul, somo la hesabu. Baada ya juma moja nusu ya darasa ilikuwa inachelewa, na kulikuwa na binti mwenye akili sana aliyefika saa moja kamili kila siku na kujificha nyuma ya vyoo hadi kengele ilie. Miti ya watundu ilinawiri. Watoto wenye adabu, wao waliketi darasani wakijua kujumlisha na kutoa, huku miti waliyoipanda ikikauka nje ya dirisha. Mgeni mmoja kutoka ofisi za elimu alipita akasifu mti mzuri kuliko yote, akaomba watoto wanaoutunza wajitokeze awape mkono. Walijitokeza sita ambao nilikuwa nimewaandikia wazazi wao barua siku ileile.

Ndipo nikaweka kanuni ambayo sikuibadilisha tena. Watoto wa première wanapanda, na mti ni wao hadi wamalize sixième, darasa la sita. Si wa Madame, si wa Directeur, si wa darasa jingine. Niliwagawa watoto wa mwaka ule wa kwanza vikundi kumi na kimoja, kila kikundi na grevilea yake, kila mtoto na siku yake ya kuleta maji. Hawakuchoka. Mtoto akijua kitu ni chake mbele ya watu wote, hata mvua haimzuii kwenda kukimwagilia. Nasema hivyo kwa sababu nimeona wanamwagilia kwenye mvua.

Sasa ile pembe ya chini.

Nilitaka kuweka kitalu mle. Udongo wa bure, majani mabichi, upepo haufiki. Muzee Kasereka alishuka, akaonja, akameza mate, halafu akasimama muda mrefu anatazama huku na huku.

"Udongo iko muzuri," alisema. "Lakini juu ya nini hapana mutu alilima hapa?"

"Uvivu, Muzee."

Hakubisha. Yeye naye alikuwa mgeni pande zile.

Tulipanda miche yetu, na saa nne ya siku hiyo niliwaamuru watoto washuke na chupa zao za maji. Walishuka wote isipokuwa mmoja. Jina lake Furaha. Alikuwa mwenyeji wa palepale, nyumba ya bibi yake, koko wake, ilikuwa ng'ambo ya barabara, na kwa kimo alikuwa wa mwisho darasani.

"Furaha, shuka."

"Apana, Madame."

"Unasema nini?"

"Mazuku inalalaka pale. Koko yangu alisema hapana kushuka."

Kwa wale wenu ambao wazazi wao wametoka mbali: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini chini ya milima yetu. Ni nzito kuliko hewa hii tunayovuta, kwa hiyo inatafuta mahali palipozama, inalala humo. Haionekani wala hainuki. Jua likipanda na upepo ukivuma inatawanyika, lakini usiku na alfajiri inajaa shimo kama maji. Habari zake nilikuwa nazisikia tangu Mapendo, na nilikuwa nimeziweka pamoja na hadithi za baba yangu za mwanamke anayesimamisha malori, ambaye ukimtazama miguuni unakuta kwato.

Nilimpigisha Furaha magoti kwa kukosa adabu. Upepo ulikuwa unavuma saa ile, wenzake waliokuwa wameshashuka wakamwagilia, wakapanda juu wanacheka. Nikaona nimeshinda.

Kesho yake nikaamua kuwafundisha somo lenyewe. Niliwaita mapema, kabla jua halijashika, nikawasimamisha wote juu kwenye ukingo, nikashuka mimi peke yangu hadi katikati. Nikaanza kuwaeleza ubaya wa kuamini mambo ya giza. Nilikuwa nasema vizuri, hata Muzee Kasereka alikuwa amesogea kusikiliza. Kisha niliinama kuwaonyesha mche mmoja uliokuwa umelala. Kando ya mche walikuwa wamelala mijusi wawili, na kando ya mijusi ndege mdogo amelala pia. Nilitaka kujiuliza kwa nini kila kitu kimelala, lakini kichwa kikawa kizito na magoti yakaisha nguvu. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye kizunguzungu hufanya, na ambacho pale ndicho kinachomaliza watu. Nikakaa chini.

"Madame, simama! Usiikale! Simama!"

Ilikuwa sauti ya Furaha. Katika miaka yangu yote sijapewa amri kali kama ile. Nilijaribu kusimama, nikashindwa. Muzee Kasereka alivuta pumzi hadi kifua kikajaa, akafunga mdomo, akashuka mbio, akanishika mkono mmoja na kiuno, akaniburuta hadi juu. Kitenge changu kilibaki kule. Nilizinduka juu ya lava nimevaa jupon tu, sketi ya ndani, darasa zima limenizunguka, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali ilikuwa mbaya.

Aibu niliisikia, lakini hofu ilikuwa kubwa zaidi. Nilikumbuka kwamba jana yake nilikuwa nimewashusha watoto mle, na vichwa vyao viko chini kuliko changu. Kama upepo ungetulia saa ile, leo nisingekuwa nawaandikia chochote. Nilimwita Furaha mbele ya wote nikamwomba anisamehe.

"Ni sawa, Madame," alisema. "Wewe ni mutu ya muji."

Kuanzia siku hiyo tulizungushia pembe ile ua wa miiba, na Muzee akasimamisha ubao: MAZUKU. HAPANA KUSHUKA. Watoto walijifunza, nanyi mjifunze: mkiona mahali palipozama, mtafute kwanza wadudu na mijusi. Wakiwa wamekufa bila alama, mrudi mlikotoka. Kizunguzungu kikikukuta, usikae wala usiiname. Panda juu, hata kwa kushikilia mawe. Na mtoto mdogo akikataa kushuka, muulize bibi yake.

Miaka ilipita, na watoto wale wa kwanza wakafika sixième. Grevilea zao kumi na moja zilikuwa zimepita bati la paa, zimenyooka, zina kivuli. Za madarasa yaliyofuata, zilizoachiwa nyufa finyu, zilikuwa bado hazijanipita kimo mimi, na mimi si mrefu. Furaha alikuwa sasa ni binti wa sixième, bado mfupi, bado hapendi kubishana. Ilibaki miezi michache wamalize.

Ndipo vita ikashuka kwa barabara ya kaskazini. Walikuwa waasi wengine, si wale wa mwaka wa lava, lakini watu waliokimbia walibeba magodoro yaleyale vichwani. Walitoka Kalengera na vijiji vya njiani, wamekatisha mji, wakaletwa kwetu. Masomo yakasimama. Kufika mchana kiwanja kilikuwa kimejaa. Madarasa tuliwapa wazee, wagonjwa na akina mama wenye watoto wachanga, yakajaa hadi mlangoni. Waliobaki walibaki nje, na mvua ilikuwa imeshaanza kujikusanya upande wa ziwa.

Lava haikubali mgongo wa mtu. Watu walizunguka na mikeka yao, wakatafuta, wakaona mahali pamoja penye majani laini ambapo upepo haufiki. Ua wa miiba waliutoa, ukawa kuni za kupikia. Ubao wa Muzee nao ulikuwa mkavu, ukawaka vizuri. Saa nane nilipotazama upande ule, mle shimoni mlikuwa na familia nyingi, mikeka imetandikwa, watoto wanakimbizana.

Nilikimbia hadi ukingoni nikapiga kelele watoke. Aliyenijibu alikuwa Papa Bahati, mkulima wa Kalengera, aliyekuwa ametangulia kufika na mke wake na watoto wanne, na kwa sababu ya sauti yake watu walikuwa wamemfanya mkubwa wao.

"Papa, hapa hapana kulala. Kuko mazuku."

"Mazuku ni nani?"

"Ni hewa mubaya. Inatokaka chini, inajaa hapa usiku, inaua mutu."

Alitazama majani, akatazama watoto wanaocheza, akavuta hewa kwa pua ili nione.

"Mama, sisi tumekimbia masasi ya bunduki siku tatu. Sasa wewe unatuogopesha na upepo?"

Watu walicheka. Sikuwalaumu; mimi mwenyewe nilikuwa nimecheka kabla yao. Niliwaeleza habari yangu na ya jupon, wakacheka zaidi. Papa Bahati yeye aliacha kucheka, akanisogelea.

"Basi tupatie fasi ingine," alisema polepole. "Batoto balale wapi? Pa majiwe? Mvua ile pale inakuja. Tuonyeshe fasi, tutatoka."

Jua lilikuwa bado juu na upepo ulikuwa bado unapita, lakini nilijua saa zilizobaki. Wasipotoka mle kabla ya magharibi, asubuhi tutakuwa tunawatoa sisi.

Nilimkuta Muzee Kasereka na Directeur mbele ya ofisi. Muzee alisema juu ya lava watu wanaweza kulala, mradi wawe na vibanda. Nguzo, fito za kukunja, bâche, yaani turubai, juu, na chini majani mengi ya kutandika yazuie ukali wa jiwe. Bâche watu wengine wanazo, alisema. Nguzo hawana. Niliona anatazama kitu kimoja, nami nikajitahidi kutazama kingine.

"Ile miti iko katika inventaire ya shule," Directeur alisema, kabla hata hajaulizwa. "Bila autorisation ya bureau ya elimu hapana kugusa hata tawi."

"Bureau iko wapi, Directeur?"

"Bureau ilikimbia jana."

Watoto wangu wa sixième walikuwepo, wanasaidia kuwachotea watu maji. Walikuwa wamesimama wanasikiliza, kama watoto wanavyosikiliza, wamegeuza uso. Furaha akaweka bidon yake ya maji chini.

"Madame, si ulisema ile miti ni ya sisi mupaka tumalize sixième?"

"Nilisema."

"Hatuyamaliza bado."

Akanyosha kidole kwenye grevilea ya kikundi chake. Nawaambia ukweli, niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta mtoto hata mmoja aseme hapana, ili nijifiche nyuma yake. Nilikuwa naipenda miti ile. Nilikuwa nimebeba makopo yake, nimekesha na wasiwasi wa moshi wake, na kila nilipokuwa na huzuni niliketi chini yake nikasahihisha madaftari. Hakuna mtoto aliyesema hapana. Directeur alitoa daftari lake la inventaire, orodha ya mali ya shule, akauliza ni mingapi.

"Kumi na mmoja," nilimjibu.

Aliandika, akapuliza wino, akatusomea: "Miti kumi na mmoja imeanguka. Kwa upepo mukali." Kisha akaenda nyuma ya ofisi, akarudi na panga lake mwenyewe.

Kila kikundi kilikwenda kwenye mti wake. Sikuwapangia, walijipanga. Muzee Kasereka aliwaonyesha kukata kwa mshazari, juu kidogo ya goti, kamba imefungwa ili mti usiangukie watu. Kijana mmoja nilimwona anamimina chupa nzima ya maji kwenye shina, panga liko chini ya kwapa. Nikamuuliza anafanya nini.

"Ni mercredi, Madame. Ni zamu yangu."

Alimaliza maji yake ya Jumatano, akatikisa chupa, akaanza kukata. Mimi niligeuka nikajifanya nahesabu fito.

Nguzo tulizisimika palepale kando ya visiki, katika ule udongo wa makopo, maana ndipo pekee palipokubali kuchimbwa. Matawi yakawa fito, majani yakawa magodoro. Akina baba wa Kalengera waliokuwa wamenicheka walipoona vibanda vinasimama walipanda kusaidia, na mikono yao ilikuwa na ujuzi kuliko yetu sote. Familia moja ikatoka shimoni, ikafuata nyingine. Mvua ilianza kudondoka. Papa Bahati alikuwa wa mwisho. Alipandisha mkeka wake, mke wake na wanne wake, akaingia kibanda kilichokuwa kando ya kisiki cha Furaha na wenzake.

"Ninatoka juu ya heshima ya ile miti," aliniambia kwa sauti ili wote wasikie. "Si juu ya upepo yako."

"Aksanti, papa. Hata hivyo inatosha."

Magharibi ilipofika shimo lilikuwa tupu. Nililala ofisini kwa Directeur, juu ya meza, pamoja na inventaire.

Alfajiri nilipotoka mvua ilikuwa imekatika, hakuna upepo hata kidogo. Muzee Kasereka alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shimo, kofia mkononi. Nilimkimbilia. Nilidhani kuna familia iliyorudi kimyakimya.

Alikuwa mbuzi. Papa Bahati alikuwa amemleta kwa kamba kutoka Kalengera, mnyama pekee aliyebaki naye, na mara giza lilipoingia alimshusha kwenye majani mazuri akamfunga. Niliwakataza watu kulala mle. Ni kweli kwamba mbuzi sikumtaja. Alikuwa amelala ubavu, hana jeraha, majani bado mdomoni, mahali ambapo mchana uliotangulia mke wa Papa Bahati alikuwa ametandika mkeka wa watoto.

Papa Bahati alikuja akasimama kando yetu. Alimtazama mbuzi. Halafu aligeuka akaenda kwenye kibanda chake, na tulimsikia anawaamsha watoto wake mmoja mmoja, kwa majina. Wa kwanza aliitika. Wa pili na wa tatu wakaitika. Wa mwisho alikuwa na usingizi mzito, akawa haitiki, na baba yake akamtikisa kwa nguvu hadi mtoto akaangua kilio. Aliposikia kilio kile, Papa Bahati aliketi chini juu ya lava, akakaa hapo.

Furaha alifika na bidon zake kama saa moja hivi. Papa Bahati alisimama, akawapanga wanne wake mbele yake, akamwendea.

"Ni nani alikata muti ya hapa tulilala?"

"Ni sisi, papa. Kikundi yetu."

"Ilikuwa na miaka ngapi?"

"Sita."

Alimtafuta kati ya watoto wake yule wa mwisho, binti mdogo, macho bado yana machozi ya kuamshwa vibaya. Akamsogeza mbele kwa kumshika mabega.

"Huyu naye iko na sita," alisema.

Mtoto alimnyoshea Furaha mikono miwili, kama alivyofundishwa kusalimia wakubwa. Furaha akaishika, akampa bidon ile ndogo, wakaenda pamoja kuchota maji.